Siku Arobaini na Moja za Bi Mbeleje

Siku ya zege, watu sitini na mmoja walifanya kazi Manyoni tangu kunapambazuka hadi jua linapinda. Hakuna aliyekaa kitako hata kunywa chai. Na ilipofika saa kumi na moja jioni, Mizani ikatoa hukumu kwamba wamezembea.

Haikusema "mmezembea," la. Mashine hazina ujasiri wa kumtukana mtu usoni. Iliwasha tu namba nyekundu kwenye kishikwambi cha Injinia Sekela Mwaisaka: nukta arobaini na mbili. Asubuhi ile ile, kabla ya toroli la kwanza kupanda, namba ilikuwa nukta arobaini na nne, tena ya kijani. Sekela aliifuta skrini kwa kiganja, akidhani ni vumbi la saruji. Wapi! Nyekundu ikabaki pale pale.

"Fundi," aliita. "Hebu shuka kidogo."

Fundi Chilongani, mkuu wa mafundi pale kazini, alishuka ngazi huku zege limemkaukia hadi kwenye nyusi.

"Leo zimevaliwa helmeti ngapi hapa?"

"Sitini na moja."

"Kikosi chako ni watu ishirini na tatu. Hao wengine?"

"Majirani na mafundi wenzetu." Alijibu kama mtu aliyeulizwa kwa nini mvua inalowesha. "Si siku ya zege hii, Injinia? Mwenzako akimwaga slabu unakwenda kumpa mkono, kesho na yeye anakuja kwako. Zege halilali. Sasa wamekuja, niwapandishe juu vichwa wazi? Nimetoa helmeti zote za akiba stoo, nyingine nimeazima kwa wale wa barabara."

Sekela alifumba macho. Angemgombeza kwa lipi? Kwa ukarimu? Kwa kujali vichwa vya watu?

Kila helmeti ilikuwa na jicho la Mizani utosini. Jicho hilo lilifanya kazi mbili. Lilikulinda: ukianguka, liliiita ndege ya uokoaji kabla hujamaliza kusema mama yangu, na bima yako ikafunguka palepale. Na lilikuhesabu: lilipokuona kazini, lilikuandikia siku moja. Mwisho wa robo mwaka, Mizani ilichukua mita za mraba za jengo ikazigawa kwa siku za watu wote walioonekana. Jengo la Manyoni, wodi ya wazazi, lilikuwa na mita mia sita. Mizani ilikuwa imeshapiga hesabu ya robo nzima, pamoja na siku zilizobaki, na leo majirani thelathini na wanane waliokuja kutoa mkono wakawa wameongeza siku za watu thelathini na nane. Na siku ikishafungwa kwenye Mizani imefungwa, hata ulie machozi ya damu.

Hayo yangekuwa ya Manyoni peke yake, watu wangecheka wakaenda kuoga. Lakini Mkataba wa Mizani ulisema kila nchi ipimwe kwa jengo moja tu, linalochaguliwa kwa kura kila robo mwaka. Jamani! Nchi nzima, mafundi wa Bukoba hadi Mtwara, wapimwe kwa jengo moja, kama mtu anayeonja punje moja ya wali akasema harusi nzima ni mbaya. Kura ya robo hii iliangukia Manyoni. Nchi ilikuwa imeshashindwa mara mbili kuvuka mstari wa nukta arobaini na tatu. Ikishindwa ya tatu, leseni za mafundi wote zingezimwa siku hiyo hiyo, na majengo yote ya umma yangepewa mitambo ya kuchapa nyumba kutoka Halvania, nchi iliyoongoza jedwali la dunia miaka sita mfululizo. Mafundi elfu arobaini wangebaki wanatazama mashine ikitema kuta.

"Kwa hiyo tumeharibu," Chilongani alisema polepole, alipoeleweshwa.

"Hamjaharibu kitu, Fundi. Mmemwaga slabu kwa siku moja." Sekela alikizima kishikwambi. "Aliyeharibu ni huyo aliyeona watu wanasaidiana akaandika kwamba ni uvivu."

*

Kesho yake asubuhi aliketi kwenye kontena la ofisi akaufungua Mkataba, kurasa mia tano, akausoma kama mtu anayetafuta mfupa kwenye samaki. Alitaka kujua kitu kimoja tu: hawa Halvania wanapataje mbili nzima na ushei? Wana mikono mingapi?

Alikipata kwenye nyongeza ya kumi na nne, kwa maandishi madogo. Kuta za Halvania zilitengenezwa kiwandani, na mfanyakazi wa kiwandani hakuhesabiwa kuwa mjenzi. Madereva waliosafirisha kuta hawakuhesabiwa. Waliofagia, waliochimba mitaro, waliorudi mwaka wa pili kuziba nyufa, wote waliitwa "watoa huduma wa pembeni". Pale jengo linaposimama waliobaki walikuwa watu wanne wenye glavu safi na mtambo mmoja. Mita zote zikagawiwa kwa hao wanne.

Sekela alisimama, akakaa, akasimama tena. Wezi! Wezi wa mchana kweupe, halafu wanatuletea jedwali kutuonyesha jinsi tulivyo wa mwisho. Alimpigia mkuu wake, Mkurugenzi Rweyongeza wa Ofisi ya Mizani, akamsomea nyongeza yote bila kupumua.

"Naijua," Rweyongeza alisema.

"Unaijua?"

"Injinia, sote tunaijua. Tulipeleka malalamiko mara tatu, wakatujibu kwamba nyongeza iko wazi kwa nchi zote. Sasa nisikilize, maana siku zimebaki nane. Una mtu anaitwa Mbeleje Mahinyila?"

"Bi Mbeleje? Ndiye anayemwagilia zege."

"Robo hii itafungwa akiwa na siku arobaini na moja. Zitoe hizo, unarudi nukta arobaini na nne. Nimepiga hesabu mwenyewe."

"Nizitoeje? Mtu kafanya kazi."

"Waliobeba zege hawatoki, hao ni wajenzi. Lakini kumwagilia si kujenga, ni kungojea zege likauke. Nyongeza ya kumi na nne inaruhusu kumtoa mtu na siku zake zote, hata zilizokwisha kufungwa. Mwandike mtoa huduma wa pembeni, mvue helmeti, Mizani isimwone. Kazi aendelee nayo, na ujira wake alipwe kama kawaida. Nani ameumia?"

Kungojea! Sekela alitamani huyo bwana angekuwepo amvute mkono ampandishe juu ya slabu. Jua la Manyoni linapasua hata kisigino cha mtu, sembuse zege bichi. Zege lisiponyweshwa maji siku ishirini na moja, asubuhi na mchana na jioni, linakunjamana na kupasuka. Bi Mbeleje alikuwa akivuta mpira wa maji juu ya nguzo na kuta tangu mwanzo, anatandika magunia mabichi, anayageuza, anayalowesha tena, na akishuka mgongo hauelekei kunyooka. Sasa huyo ndiye wa kungojea?

"Akianguka je?" aliuliza. "Bila helmeti hana bima. Ndege haiji."

"Siku nane tu, Injinia. Uwaambie wamwangalie. Ama uwaambie wale elfu arobaini kwamba umewanyima mkate kwa sababu ya helmeti moja. Chagua."

*

Sekela aliwaeleza Chilongani na Bi Mbeleje yote, hata lile la kungojea zege likauke. Alidhani Chilongani ndiye atakayepiga kelele, na alipiga kweli. Alitukana Halvania, akatukana Mizani, akatukana hadi aliyebuni karatasi. Lakini Bi Mbeleje, mama wa miaka sitini na minne, mwembamba, khanga imefungwa kiunoni juu ya suruali ya kazi, alisikiliza yote akiwa ameegemea pipa la maji. Alipoona wamechoka akafungua kamba ya kidevuni.

"Shikamoo, mama," Sekela alisema, maana hakujua aseme nini kingine.

"Marahaba, mwanangu. Kumbe kelele zote hizi ni kwa ajili ya hii?" Aliivua helmeti. "Wanangu wawili ni mafundi. Mmoja yuko Kahama, mwingine hapa hapa kwa Chilongani. Kama kichwa changu kinawanyima kazi, kihesabuni sifuri. Mimi nimemwagilia zege miaka thelathini kabla helmeti hazijaanza kuwa na macho."

"Mama, siyo haki."

"Haki siyo. Lakini unaichukua ama huichukui? Magunia yanakauka."

Sekela aliichukua. Hilo lazima lisemwe, maana baadaye wapo waliotaka kumfanya malaika. Aliipokea kwa mikono miwili, akaifungia kwenye kabati la ofisi, akabonyeza pale palipoandikwa "huduma ya pembeni". Namba ikageuka kijani mara moja. Akaona aibu iliyomfanya ashindwe kula mchana ule, na bado hakuirudisha.

Siku saba zikapita salama. Kila Bi Mbeleje alipopanda, Mizani ilionyesha slabu tupu. Sekela alikuwa akitazama juu anamwona mama mzima anavuta mpira, kisha anatazama kishikwambi hakuna kitu. Rweyongeza alimtumia ujumbe wa pongezi. Halvania nao walituma barua ya heshima: wameona juhudi za nchi yetu kupunguza nguvukazi isiyo ya lazima. Sekela aliisoma barua hiyo kwa sauti mbele ya mafundi, na saidia fundi mmoja akatema mate chini.

*

Siku ya nane, ambayo ndiyo ilikuwa ya mwisho ya robo na siku ya tisa ya zege, saa sita na nusu mchana, Bi Mbeleje alikuwa akirudi kinyumenyume anavuta mpira, kama alivyofanya mara elfu. Gunia bichi likateleza chini ya kisigino. Alianguka kutoka ukingoni, mita tatu na nusu, akatua ubavu kwenye rundo la kokoto.

Hakupiga kelele. Aliyepiga kelele ni mwanawe. Sekela alipofika, paja la kulia la mama lilikuwa limevimba na kukaa upande usio wake, uso umekuwa wa kijivu, na midomo inatikisika tu.

"Usimwinue!" Chilongani alimfokea kijana. "Usimguse!"

Sekela alibonyeza kitufe cha dharura. Sauti ya Mizani ilikuwa nzuri, ya kike, ya upole.

"Habari za mchana. Eneo la Manyoni halina aliyeanguka."

"Kuna mtu ameanguka! Namwona kwa macho yangu!"

"Wafanyakazi ishirini na wawili wote wamesimama. Hongereni kwa usalama kazini."

"Ni mwagiliaji! Bi Mbeleje Mahinyila! Mfupa wa paja umevunjika, anavujia damu ndani!"

"Mbeleje Mahinyila ameandikwa mtoa huduma wa pembeni. Hayupo katika eneo hilo. Tafadhali tumia usafiri wa kawaida."

Usafiri wa kawaida ni saa mbili na nusu kwa gari hadi kwenye daktari wa mifupa, kwa barabara yenye makorongo, na mtu anavuja damu ndani. Hasira iliyompanda Sekela haikuwa ya Mizani peke yake. Nani aliyebonyeza? Kidole cha nani? Alifungua kamba ya helmeti yake mwenyewe, akaiinua kwa mikono miwili juu ya kichwa, akaipigiza kwenye kokoto kwa nguvu zote alizopewa na Mungu.

"Injinia Sekela Mwaisaka ameanguka," sauti ilisema papo hapo. "Pole sana, Injinia. Ndege iko njiani. Dakika kumi na moja."

Alipiga magoti, akamvika Bi Mbeleje helmeti iliyopasuka. Ndege ilipotua, mikono yake ya chuma ilimchukua mwenye helmeti bila kuuliza swali, ikapaa. Mwana wa mama alibaki amekaa chini, ameshika mpira wa maji ambao bado ulikuwa unatiririka.

Nusu saa baadaye Rweyongeza akapiga.

"Sekela! Mungu wangu, nimeambiwa umeanguka! Unaongeaje?"

"Sijaanguka mimi. Aliyeanguka ni mtu ambaye wewe na mimi tulisema hayupo."

Mkurugenzi akavuta pumzi, na aliyoyasema yalikuwa ya mtu aliyekwisha kupiga hesabu. "Sawa. Sawa, hapo ulitumia akili. Basi iache ilivyo. Wewe ndiye umeanguka, atatibiwa kwa jina lako. Robo inafungwa saa kumi. Usiguse kitu."

Na Sekela, ukweli usemwe, alitaka kuacha mambo yawe yalivyo. Mama anatibiwa, mafundi wanabaki na leseni, kila mtu anakwenda nyumbani. Alikuwa ameshaweka simu mezani ilipolia tena. Aliyepiga alikuwa nesi wa chumba cha upasuaji.

"Nazungumza na ndugu wa Injinia Sekela Mwaisaka?"

"Ndiyo... hapana. Kuna nini?"

"Mgonjwa tuliyeletewa. Rekodi inasema ana miaka thelathini na saba, damu kundi B. Huyu tuliye naye ni mtu mzima, na tumempima, ni O. Mfumo umejifunga. Haututolei damu wala dawa ya usingizi mpaka jina lilingane na mwili. Dada yangu, kama huyu ni mtu mwingine tuambieni ni nani, tena upesi. Presha inashuka."

"Hamwezi kumpasua kwanza? Mtu anakufa!"

"Ningekuwa na ufunguo wa hilo friji la damu mkononi ningeshalifungua. Linafunguliwa na Mizani."

Sekela alifungua ukurasa wa ajali. Swali lilikuwa moja, herufi kubwa: *Je, Mbeleje Mahinyila alikuwa mfanyakazi wa ujenzi katika eneo hili?* Chini yake, Ndiyo na Hapana. Na chini zaidi, kwa maandishi yale madogo: ukijibu Ndiyo, siku zake arobaini na moja zitarudishwa katika hesabu ya nchi. Ilikuwa saa saba na nusu.

Chilongani alikuwa amesimama mlangoni, na nyuma yake kikosi chote. Walikuwa wamesikia.

"Fundi," Sekela alisema. "Nikibonyeza Ndiyo, leseni yako imekwisha. Yako na ya kila mtu. Wewe unasemaje? Hili si langu peke yangu."

"Unaniuliza nini, Injinia?" Chilongani hakupandisha sauti, na hilo lilitisha zaidi. "Unaniuliza kama mama aliyelinywesha zege langu alikuwa kazini? Kwani hiyo leseni imeandikwa nini? Imeandikwa mimi ni fundi. Fundi gani anasema mtu wake hayupo, naye yuko chini amevunjika? Siku ile ulipoichukua helmeti nilinyamaza. Nilinyamaza kwa sababu nina watoto watano. Basi na mimi ni mshenzi kama hao wa Halvania. Bonyeza."

Sekela aliwatazama wengine. Mwana wa Bi Mbeleje alikuwa analia waziwazi. Wengine walitazama chini. Mmoja, kijana aliyepata leseni mwaka ule ule, aligeuka akatoka nje, na Sekela hakumlaumu.

Akabonyeza Ndiyo.

Kwenye simu alisikia mlango wa chuma ukifunguka, na nesi akipaza sauti kwa wenzake: "Tumempata! Mbeleje Mahinyila, sitini na nne, O, mfanyakazi. Leteni chupa mbili za damu haraka." Kisha simu ikakatika.

Kwenye kishikwambi namba iliyumba kidogo, ikatua nukta arobaini na mbili. Mizani haikungoja saa kumi, maana namba isingeweza kupanda tena: dakika hiyo hiyo helmeti zote pale kazini zililia mlio mmoja mrefu na taa zake zikazimika. Zilizimika Bukoba, Kahama na Mtwara. Jina la Rweyongeza likawaka kwenye simu, likazimika, likawaka tena. Sekela aliiweka simu kifudifudi. Akachukua karatasi ya kawaida na kalamu, akaanza kuandika barua ambayo hakujua ataipeleka kwa nani: watu wa viwanda vya Halvania ni wangapi, madereva ni wangapi, wafagizi ni wangapi, na majina yao ni nani. Aliikandamiza kalamu kwa ghadhabu hata ikatoboa karatasi.

Nje, Mizani ilikuwa inatangaza kwenye kipaza sauti kwamba waliobaki katika eneo hilo hawana ruhusa ya kujenga, na kwamba wanatakiwa kuondoka ndani ya saa moja.

"Hatujengi," Chilongani aliijibu, akiwa ameshakanyaga ngazi. "Tunangojea likauke, mlisema wenyewe."

Aliuokota mpira wa maji, akafunga kitambaa kichwani badala ya helmeti, akapanda. Zege lilikuwa limeshaanza kuwa jeupe mahali Bi Mbeleje alipoachia, na lilikuwa bado na siku kumi na mbili za kunywa. Mwana wa mama alimfuata na gunia begani. Mmoja mmoja, wasio na leseni, wakapanda wote.